Wakati ndugu iko buloko: namna jamaa inaweza kumulisha, kumuona na kufuata dosie yake

Asubuhi mapema, mbele ya kasho na magereza ya Lualaba, watu wa kwanza kufika si avoka wala majistra. Ni wamama. Wanabeba sahani yenye kufungwa na kitambaa, ndani muko bukari na sombe, ao maharagi na samaki kidogo, pamoja na chupa ya maji. Wanangojea mulinzi afungue. Kwa mufungwa mwenye jina lake litaitwa, sahani ile ni chakula cha siku. Ni alama pia kama inje kuko mutu mwenye kujua kwenye yeye iko.

Katika Kongo, wengi kati ya watu wenye kuwa katika magereza hawajahukumiwa. Wanangojea. Mutu mwenye hana jamaa ya kuuliza juu yake anaweza kungojea kupita muda wenye sheria inakubali, kwa sababu dosie yake imelala mu biro na hakuna mwenye kuiamusha. Wazee walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Habari hii inaeleza mambo yenye jamaa ya Dilolo, ya Kasaji ao ya kijiji chochote cha Lualaba inaweza kufanya, toka siku ya kukamatwa mupaka siku ya kutoka.

SAA 48 ZA KWANZA: KUJUA IKO WAPI

Katiba ya tarehe 18/02/2006 iko wazi. Kifungu cha 17 kinasema kama uhuru ndiyo kanuni, na kufungiwa ni kitu cha pekee. Kifungu cha 18 kinasema mutu mwenye kukamatwa anapaswa kuambiwa palepale sababu ya kukamatwa kwake, katika luga yenye anasikia. Mutu mwenye kuwekwa katika kasho ya polisi iko na haki ya kuambiana palepale na jamaa yake ao avoka wake. Na polisi haina ruhusa ya kumuchunga kupita saa 48. Saa hizo zikiisha, anapaswa kuachiliwa ao kupelekwa mbele ya wakubwa wa sheria wenye kustahili, ni kusema parke.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya jamaa ni kutafuta. Mara nyingi habari inafika kwa njia ya rafiki: "Bamemukamata jana magaribi." Usingojee. Anza na kasho ya polisi yenye kuwa karibu na mahali alikamatwa, kisha kasho ya parke, kisha gereza. Kama ni askari, ao kama ni jambo la silaha, uliza pia kwa oditora ya kijeshi. Kila gereza linapaswa kuwa na kitabu kikubwa cha kuandika majina ya wenye kuingia, siku ya kuingia na karatasi yenye iliwaingiza. Unaweza kuomba waangalie katika kitabu hicho.

Tatizo la majina linapoteza watu wengi. Mukongomani iko na jina la baba ao la nkambo, jina la pili, na jina la ubatizo. Tena kijana mwenye kuchimba shaba na kobalti kule Kolwezi anaweza kujulikana na wenzake kwa jina la muchezo tu. Akiandikwa kwa jina hilo, mama yake atafika na kuambiwa: "Huyo haiko hapa." Toa majina yote, toa mwaka wa kuzaliwa, onyesha foto kama iko katika telefone.

Ukimupata, uliza mambo matano na kuyaandika katika kaye: jina namna liliandikwa, nani alimukamata na siku gani, saa gani, anashitakiwa nini, namba ya dosie, na jina la OPJ ao la majistra mwenye kuifuata. Kaye ile usiipoteze. Itafanya kazi kuliko maneno mengi.

Wengine wanaogopa kufika kwa sababu wanafikiri watakamatwa kwa nafasi ya ndugu yao. Kifungu cha 17 cha Katiba kinakataza jambo hilo: hakuna mutu anaweza kukamatwa, kufungiwa ao kuhukumiwa juu ya kosa la mutu mwingine. Kama kijana amekimbia, si sheria kuchukua baba yake ao bibi yake mupaka atakaporudi. Jambo hilo likitokea, mbio kwa avoka ao kwa shirika la haki za binadamu.

Tena kuko jambo la deni. Mapatano ya kimataifa yenye Kongo iliingia tangu 1976 yanakataza kufunga mutu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano ya deni. Lakini mara nyingi deni linavalishwa nguo ya kosa lingine, kama kuvunja uaminifu ao udanganyifu. Ni vizuri jamaa ilete karatasi za biashara mapema, ili parke ione kama ni deni tu.

CHAKULA: SAHANI YA KILA SIKU

Kwa sheria, serikali njo yenye kulisha mufungwa. Kwa kweli, pesa za chakula zinachelewa ao hazifiki, na mufungwa anakula mara moja kwa siku, siku zingine hapana kabisa. Katika magereza mengi ya Kongo wafungwa wanajua vungule, muchanganyiko wa mahindi na maharagi yenye kupikwa pamoja. Mutu mwenye kula paka ile kwa miezi anaanza kuvimba miguu na kupoteza nguvu. Ndiyo maana chakula cha jamaa kinaokoa maisha.

Jamaa chache zinaweza kuleta chakula kila siku. Ni heri kupangana kuliko mutu mumoja achoke: mama siku ya kwanza, yaya siku ya tatu, watu wa kanisa siku ya yenga. Jamaa mbili zenye kuwa na wafungwa katika gereza moja zinaweza kupokezana, leo huyu anabebea wote wawili, kesho mwingine. Mwenye kutoka mbali alete chakula chenye kukaa: kalanga za kukaanga, unga, sukari, chumvi, samaki wa kukauka, maharagi, biskuti. Lakini uliza kwanza kama ndani kuko mahali pa kupika. Kupeleka unga kwa mutu mwenye hana moto ni kumupa biashara tu, atauuza.

Walinzi wana haki ya kupima na kufungua vyombo. Tumia vyombo vya plastiki vyenye kufunguka mbio, hapana kisu, hapana chupa ya kuvunjika. Usijaribu kuficha kitu ndani ya bukari. Telefone, bangi, lutuku: kama wanavikuta, mufungwa njo atalipa, na mwenye kuleta anaweza kubakia naye.

Ndani, wafungwa wana kiongozi wao mwenye wanaita kapita. Mara nyingi chakula kinapita kwa mikono ya watu wake, na kinapungua njiani. Basi kila mara unaonana na ndugu yako umuulize kwa upole nini ilimufikia. Mwambie hesabu: "Nilituma mikate mitatu na kalanga." Hivyo mutajua wote wawili kama njia ile ni nzuri ao mutafute nyingine. Zaidi ya chakula, mufungwa anahitaji sabuni, blanketi, sandale, na ndoo ndogo. Baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 katika Lualaba ni kali usiku, na mwenye kulala chini kwenye saruji anaisikia kwanza.

SIKU YA KUMUONA

Kila gereza liko na siku zake na saa zake za kupokea wageni. Uliza mbele ya kusafiri, usitegemee habari ya mwaka jana. Beba karte ya elekteri ao kitambulisho kingine. Mufungwa mwenye uchunguzi wake unaendelea anaweza kuhitaji ruhusa ya majistra mbele ya kuonana na watu. Karatasi hiyo inaombwa kwa parke.

Kumuona mutu hailipishwi. Hata hivyo, katika milango mingi mgeni anaombwa matabishi. Kila jamaa inajua namna inaishi na jambo hilo. Njia yenye inasaidia ni kufika wawili, kusema kwa heshima, kuuliza karatasi ya malipo kila mara feza zinaombwa, na kuandika tarehe katika kaye. Mara nyingine swali la karatasi linatosha kufunga kinywa. Usigombane mulangoni, wewe utarudi nyumbani, ndugu yako atabakia na walinzi wale.

Muda wa kuonana ni mufupi. Watu wengi wanaumaliza kwa kulia. Machozi hayakatazwi, lakini panga mambo matatu: afya yake, dosie yake, na habari za nyumbani. Muulize kama amepelekwa mbele ya muamuzi tangu siku ile, na siku gani. Muulize kama alitia sahihi ao kidole juu ya karatasi, na kama ilisomwa kwake. Mambo ya ndani ya kesi yenyewe, nani alifanya nini na nani alikuwa pale, usiyaongelee mahali kwenye wengine wanasikia. Yale ni ya avoka.

Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya wafungwa, zenye kuitwa Kanuni za Nelson Mandela na zenye zilikubaliwa tarehe 17/12/2015, zinasema mufungwa aruhusiwe kuambiana na jamaa na rafiki zake kwa kawaida, kwa barua na kwa kutembelewa. Jina lile halikuchaguliwa bure. Mandela alikaa kifungoni miaka 27, na mwanzoni katika kisiwa cha Robben aliruhusiwa barua moja na mgeni mumoja kila miezi sita. Katika Kongo, magereza iliongozwa kwa miaka mingi na ordonansi ya tarehe 17/09/1965; tarehe 15/06/2023 sheria mupya ya kanuni za musingi za magereza ilitiwa sahihi. Mukubwa wa gereza anazijua. Ukiomba kumuona ndugu yako, hauombi zawadi.

KALENDA YA DOSIE: 5, 15, 30

Hapa njo penye jamaa nyingi zinapotea. Zinaleta chakula miezi sita bila kujua kama karatasi yenye kumufunga ndugu yao imeisha muda. Kodi ya mwenendo wa makosa, yenye ilianza na dekre ya tarehe 06/08/1959, inaweka tarehe.

Kisha polisi, majistra wa parke anaweza kumufunga mutu kwa karatasi yenye kichwa "Mandat d'arrêt provisoire". Kwa kawaida sheria inaomba kuwe alama nguvu za kosa, na kosa liwe la kifungo cha angalau miezi 6. Kama muamuzi iko katika muji uleule, mufungwa anapaswa kufikishwa mbele yake katika siku 5. Kama muamuzi iko mbali, muda unaongezwa, lakini kwa siku zenye kuhitajiwa kwa safari tu, hapana zaidi. Kwa watu wa teritware ya Dilolo sehemu hii ni ya maana: mvua na barabara mbaya zinaeleza siku kadhaa, hazielezi miezi miwili.

Muamuzi akikubali afungiwe, ordonansi yake inadumu siku 15. Kisha inaweza kuongezwa mwezi mumoja, na tena mwezi mumoja. Kwa kosa la kifungo cha miezi 6 ao zaidi, haiwezi kuongezwa kupita mara tatu mufululizo. Kupita pale, muamuzi anapaswa kukubali katika kikao cha wazi. Muda ukiisha bila karatasi mupya, mufungwa iko na haki ya kuomba muamuzi amuachilie. Mwenye hakubali uamuzi juu ya kufungiwa anaweza kukata rufani, lakini muda wake ni saa 24, basi avoka anapaswa kujua siku ileile.

Namna ya kufuata ni nyepesi. Chukua kalenda ya ukutani, yenye kupewa na duka ao kanisa. Weka alama siku ya kukamatwa. Hesabu saa 48, kisha siku 5, kisha 15, kisha kila mwezi. Kila mara tarehe inafika, mutu wa jamaa aende kwa parke ao kwa grefye wa tribinali na kuuliza: "Karatasi ya ndugu yetu iliongezwa? Siku gani?" Hapana makelele. Swali lilelile, kila mwezi. Ofisi yenye kujua kama mutu anahesabu inaangalia dosie ile tofauti.

FEZA: ZENYE SHERIA INAJUA NA ZENYE HAIJUI

Kuko aina mbili za malipo zenye sheria inajua na zenye jamaa inachanganya. Ya kwanza ni amande ya mapatano: kwa makosa madogo, OPJ ao majistra anaweza kupendekeza mutu alipe na jambo liishe. Inalipwa kwa serikali, na karatasi inatolewa. Ya pili ni dhamana ya uhuru wa muda. Muamuzi anaweza kumuachilia mufungwa wakati uchunguzi unaendelea, na kuomba feza ziwekwe mikononi mwa grefye. Feza zile si bei ya kununua kesi. Ni za kuhakikisha kama atakuja wakati anaitwa, na zinarudishwa kama alifuata masharti. Anaweza kukatazwa kutoka muji, kufika mahali fulani, ao kuombwa ajionyeshe kila juma. Kwa hiyo chunga karatasi ya malipo sawa vile unachunga karatasi ya shamba. Bila hiyo, feza hazitarudi.

Feza zenye kutolewa mukononi, nyuma ya biro, bila karatasi, hazina kazi katika dosie. Mwenye kuzipokea anaweza kubadilishwa kazi kesho, na mwenye kumufuata ataanza upya. Jamaa zinauza mbuzi, kinga, hata paa la nyumba kwa njia hii, na ndugu anabakia ndani.

Heri feza ziende kwa mutetezi. Kifungu cha 19 cha Katiba kinatoa haki ya kusaidiwa na mutetezi toka uchunguzi wa polisi. Mwenye hana uwezo anaweza kuuliza biro ya mashauri ya bure yenye kila baro ya avoka inapaswa kuwa nayo, na kuonyesha karatasi ya kuhakikisha umasikini. Katika miji midogo kuko pia watetezi wa tribinali, wenye si avoka lakini wana ruhusa ya kusimama kwa ajili ya mutu. Komisio ya Haki na Amani ya Kanisa Katoliki, wachungaji wenye kutembelea wafungwa, na mashirika ya haki za binadamu wanaweza kuonyesha mulango wa kupiga.

KAMA AMEPELEKWA KOLWEZI

Tribinali ya amani inahukumu makosa yenye kifungo chake hakipite miaka 5. Makosa makubwa zaidi yanakwenda kwa tribinali kubwa, na korti ya rufani ya Lualaba iko Kolwezi. Kwa hiyo mutu wa Dilolo anaweza kujikuta katika gereza la Dilungu, Kolwezi, zaidi ya kilomita 400 kutoka kwa mama yake. Kijana mwenye alienda kuchimba na kukamatwa katika konsesio ya kampuni naye anaweza kufungiwa kule, na nyumbani wanajua kisha majuma mengi. Treni ya SNCC haina siku za hakika, na barabara kupitia Kasaji na Mutshatsha inakuwa matope wakati wa mvua.

Kwa umbali ule, jamaa haiwezi kuleta sahani. Inahitaji mutu wa pale. Tafuta mumoja tu: mujomba, mutoto wa kijiji, mutu wa kanisa moja, mwenye kuishi Kolwezi na mwenye kuaminika. Mutumie feza kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, kiasi kidogo kila juma kuliko kiasi kikubwa mara moja. Feza nyingi zikifika siku moja, ndani zinajulikana, na mufungwa atasumbuliwa. Mutu yule anunue chakula, afike, kisha apige telefone nyumbani saa yenye kujulikana. Mama akingoja telefone ya siku ya posho kila juma, anaweza kulala siku zingine.

Usitume feza kwa namba yenye mutu usiyemujua amekupigia akisema: "Mutoto wenu ni mugonjwa sana, mutume sasa hivi." Piga kwanza kwa mutu wenu wa Kolwezi.

Barua haijakufa. Karatasi moja yenye kupelekwa na shofa ao musafiri inafika kwenye telefone hairuhusiwi. Mukubwa wa gereza anaweza kuisoma mbele ya kuitoa, basi andika katika luga yenye atasoma, Kiswahili ao Kifaransa. Barua ya Citshokwe ao ya Kilunda inaweza kungojea mupaka apatikane mwenye kuisoma. Andika habari za nyumbani: mavuno ya mihogo, mutoto mwenye alipita darasa, nyumba yenye ilipata bati. Usiandike mambo ya kesi. Kwa wenye kutenganishwa na jamaa zao kwa sababu ya vita ao kufungiwa mbali, Musalaba Mwekundu unajua kubeba ujumbe wa jamaa: karatasi ya wazi, yenye habari za jamaa tu.

UGONJWA NDANI

Mahali kwenye watu wanalala wakibanana, kifua kikuu kinasambaa mbio. Mutu mwenye kukohoa kupita majuma mawili, mwenye kukonda na kutoka jasho usiku, anapaswa kupimwa. Katika Kongo dawa za kifua kikuu hazilipishwi, na matunzo yanadumu kwa kawaida miezi 6. Akiachiliwa katikati, aendelee katika kituo cha afya cha karibu na nyumbani, akibeba karatasi yake ya matunzo. Wenye waliishi naye wapimwe pia, zaidi sana watoto. Upele na kuhara navyo ni vya kila siku. Sabuni na maji safi vinafanya kazi kubwa.

Kama mufungwa iko na ugonjwa wa sukari, tansion, kifafa, ao anakunywa dawa za virusi vya ukimwi, mwambie infirmye wa gereza siku ya kwanza, kwa siri. Dawa zipite kwake, na karatasi ya daktari. Mugonjwa mwenye hali yake inazidi anaweza kuombewa kupelekwa hospitali. Ombi liandikwe, lipelekwe kwa mukubwa wa gereza na kopi kwa parke, na jamaa ibakie na kopi yenye muhuri.

WAMAMA, WATOTO, NA WENYE KUWA NG'AMBO YA MUPAKA

Mwanamuke anapaswa kufungiwa mbali na wanaume. Jamaa nyingi zinasahau wamama mbio kuliko wanaume, hata bwana anaoa mwingine. Basi dada na mama mukubwa wanapaswa kusimama. Mama mwenye kunyonyesha akiingia na mutoto, chakula kiwe cha wawili, pamoja na nguo na sabuni ya mutoto.

Mutoto mwenye hajafikisha miaka 18 hana nafasi kati ya wafungwa wakubwa. Sheria ya tarehe 10/01/2009 juu ya kulinda mutoto inamupeleka mbele ya tribinali ya watoto, na mwenye hajafikisha miaka 14 hahesabiwi kuwa na kosa la kuhukumiwa. Leta mbio karatasi ya kuzaliwa, ya ubatizo ao ya masomo. Bila karatasi, mutoto wa miaka 16 anaandikwa 19.

Dilolo ni mupaka. Mutu anavuka kwenda Luau, katika Angola, kwa biashara, na anaweza kukamatwa kule. Mapatano ya Vienna ya 1963 yanamupa haki ya kuomba konsula wa Kongo aambiwe. Kazi kule inafanywa kwa Kireno, basi tafuta kwanza ndugu wa Tshokwe, Lunda ao Luvale wa ng'ambo mwenye kusema luga ile. Mupaka ulikata inchi, haukukata jamaa.

KISHA HUKUMU

Hukumu ikitolewa, hesabu siku 10: njo muda wa kukata rufani. Siku zenye alikaa ndani mbele ya hukumu zinatolewa zote katika kifungo. Mwenye alihukumiwa mwaka 1 na amekwisha kukaa miezi 9, amebakiza miezi 3. Uliza grefye atoe tarehe ya mwisho kwa maandishi, na uulize pia amande na malipo ya tribinali, kwa sababu amande yenye haikulipwa inaweza kuongeza siku za kifungo.

Mwenye alimaliza robo ya kifungo, na amekwisha kukaa ndani kupita miezi 3, anaweza kupendekezwa kwa uhuru wa masharti. Waziri wa Haki njo mwenye kuutoa. Mwenendo wake wa ndani unaangaliwa, na inafaa kuonyesha kama inje kuko nyumba ya kumupokea. Barua ya jamaa yenye kusema "Tutamupokea, ataishi hapa, atalima ao atafanya kazi hii" inasaidia.

Siku ya kutoka, mutu wa jamaa awe mulangoni na feza ya safari. Mufungwa mwenye anaachiliwa Kolwezi bila hata franki ya kurudi Dilolo analala sokoni, na kule sokoni polisi inamukuta tena. Achukue karatasi yake ya kuachiliwa na asiitupe. Nyumbani, watoto waambiwe kweli kwa maneno ya umri wao, mbele ya kusikia kwa jirani. Wenye waliambiwa "baba alisafiri" wanamungojea na zawadi, na yeye anafika na mikono mitupu, amekonda, na anaogopa kelele ya mulango. Apewe wakati.

YA KUANDIKA KATIKA KAYE

Majina yote ya mufungwa namna yaliandikwa gerezani, na namba ya dosie.

Siku na saa ya kukamatwa. Siku ya kufika parke. Siku ya kila karatasi ya muamuzi.

Jina la OPJ, la majistra, la grefye, na la avoka.

Kila feza yenye ilitoka: kiasi, siku, kwa nani, na karatasi iko wapi.

Kila chakula na kila dawa yenye iliingia, na kama ilimufikia.

Jina na telefone ya mutu wenu wa muji wenye kuwa na gereza.

Tarehe ya kwenda kuuliza tena. Mustari huu usibakie mutupu hata siku moja.